Wiki Sita za Kumpisha Mkwe

Gambuti langu la kushoto lilikuwa na dirisha. Alilikata Andrew, fundi viatu wa Bondeni, baada ya kunitazama mguu na kuniambia kwamba ameshona viatu miaka thelathini lakini hajawahi kuona mguu wenye kiwiko. Dirisha lilikaa pale nundu ya kidole gumba ilipotaka kupumua. Nundu ikapumua. Maji ya majaruba nayo yakaingia, tope likaingia, na siku moja akaingia ruba, akakaa humo mpaka nyumbani.

Mimi ni afisa ugani. Nawafuata wakulima wa mpunga na kakao huko huko waliko, kwa pikipiki, na gia ya pikipiki hupandishwa kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Unakiingiza chini ya pedeli, unainua. Kila nilipoinua, nundu iligonga chuma na mimi nikaona nyota mchana. Nikaacha kuinua. Nikawa natoka mjini Kyela mpaka Talatala kwa gia ya pili, pikipiki inalia kama mbuzi aliyefungwa juani, na wakulima wakawa wanajua nakuja robo saa kabla sijafika. Ambaye hajapalilia alipata muda wa kutosha wa kwenda msibani.

Mkuu wangu wa kazi aliliona hilo. Ni mtu mpole, na wapole ndio wabaya, maana huwezi kuwagombeza.

"Mama Winnie," aliniambia mwezi wa kumi na moja, "ofisini kuna meza tupu. Kaa, ujaze taarifa za wenzako. Mguu upumzike."

"Upumzike mpaka lini?"

"Mpaka ustaafu."

Nilimwambia sikusoma diploma ya kilimo nije kulima makaratasi. Akasema sawa, mguu ukiwa mzima ifikapo kupandikiza, nitaendelea na shamba. Usipokuwa mzima, meza. Kupandikiza kwetu ni Januari. Nilikuwa na wiki nane.

Nikapanda basi kwenda Mbeya kuonana na daktari wa mifupa.

Daktari Jubilate alikuwa binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, mrefu, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia, kisha akaanza kunishika mguu kama mtu anayechagua parachichi. Picha ya eksirei aliibandika kwenye taa. Mfupa wangu ulikuwa umeondoka kwenye mstari, umeelekea nje, na kidole gumba kimeelekea ndani, kimemlalia jirani yake.

"Mama, watu hudhani nundu ni kitu kilichoota," alisema. "Hakuna kilichoota. Ni mfupa wako uleule, umepinda ukachungulia nje."

"Uchonge."

"Naweza kuchonga. Hiyo ndiyo ya kwanza na ndiyo ndogo. Wiki tatu unarudi kwenye viatu. Ila nikichonga ncha, mpindo unabaki, na mara nyingi nundu inarudi." Alichukua karatasi akachora mguu, na nikiri alichora vizuri. "Ya pili, nakata mfupa wenyewe huku mbele, nausogeza ndani, nafunga kwa skrubu. Unatembelea kisigino, na kiatu cha soli ngumu, kama wiki sita. Ya tatu, narudi nyuma zaidi, hapa katikati ya mguu, kwenye kiungo mfupa unapoanzia. Kiungo hiki kikiwa kimelegea, mfupa utahama tena hata niukate mara kumi. Basi naunyoosha, nakiunganisha kiungo kwa kibamba cha chuma na skrubu, kinakuwa mfupa mmoja. Hiyo ni imara. Lakini wiki sita mguu haugusi chini kabisa. Magongo."

"Na hapo?" Nilimwonyesha kiungo cha kidole chenyewe.

"Hapo pia huwa tunaunganisha, kidole kisikunjike tena maisha. Ni kwa waliolika kiungo. Wewe hujafika huko."

"Sasa kiungo changu cha nyuma kimelegea?"

Akakishika, akakisukuma juu na chini. "Umekaza mguu, mama."

"Sijakaza."

"Umekaza mpaka shingo."

Akageuza unyayo akautazama kwa taa. Alikuwa anatafuta sugu chini ya kidole cha pili. Kiungo kikilegea, alieleza, kidole gumba hakibebi mzigo, mzigo unahamia kwa jirani, na jirani anaota sugu. Unyayo wangu ulikuwa laini kama sahani.

"Hakuna kitu," alisema.

"Kila Jumamosi nausugua kwa jiwe. Kesho yake ni kanisani."

"Basi umesugua ushahidi."

Hapo akakaa kwenye kiti akanieleza waziwazi, na nilimpenda kwa hilo. Kwa picha ile nilikuwa katikati. Ya pili inawezekana, ya tatu inawezekana. Akichagua ndogo kumbe kiungo kimelegea, nitarudi. Akichagua kubwa kumbe kiungo ni kizima, atakuwa amenifunga kiungo na kunilaza wiki sita bure. Akaniambia niende nyumbani wiki moja, nifikirie, na niangalie mzigo unakwenda wapi nikitembea.

"Daktari, swali moja. Ipi itaniwezesha kukimbia mapema?"

"Kukimbia? Mbio za nini?"

"Za baba mkwe."

Ilibidi nimweleze, maana hakuwa mtu wa huku. Kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake. Haongei naye, hali naye, hamtazami, na jina lake halitaji. Mwenzangu unayesoma, hata hapa hutalipata. Ukimwona anakuja njiani unaacha njia, unaingia kwenye migomba au mikakao, unageuza mgongo mpaka apite. Nyumba nyingi za mjini wameshaacha. Sisi hatukuacha, na hakuna aliyetushikia fimbo. Tunaishi uwanja mmoja, nyumba mbili, migomba katikati, mwaka wa kumi na tisa huu, na sijawahi kugombana na yule mzee hata siku moja. Nitajie nyumba nyingine.

"Na akikukuta uko kwenye magongo?" aliuliza daktari.

"Ndiyo maana naulizia mbio."

Aliandika kitu kwenye faili langu. Mpaka leo sijui aliandika nini, ila alikuwa anauma midomo asicheke. Huko mapokezi, muuguzi alitaka majina matatu ya mume wangu. Jina la pili la mume wangu ni la baba yake. Aliniuliza mara tatu, mara ya tatu akapaza sauti akidhani masikio yangu nayo yamepinda. Nikamwomba kalamu nikaandika mwenyewe.

Nyumbani nilifanya kama ninavyofanya kwa wakulima tunapochagua mbegu. Nilibandika karatasi la manila ukutani sebuleni, nikachora safu, nikaandika kila upasuaji unataka nini na unatoa nini. Mume wangu Gwamaka, ambaye ni mwalimu na husahihisha kila kinachoandikwa, alisimama mbele yake na kikombe mkononi.

"Ya pili," alisema.

"Kwa nini?"

"Iko katikati."

Huyu ni mwanaume anayekunywa chai vuguvugu. Nilimshukuru nikaenda kwa Angetile.

Angetile anauza mchele sokoni, na ni yeye peke yake ninayemjua aliyepasuliwa nundu. Yeye alichongwa. Nilimkuta kati ya magunia, akavua kandambili akaweka mguu juu ya debe ili nione vizuri. Nundu ilikuwa imerudi, na ilikuwa imekuja na mdogo wake kwenye kidole cha mwisho.

"Sasa ulichongwa nini?"

"Usiongee hivyo, mwenzangu. Miaka miwili nilivaa viatu vya harusi! Nilivaa vyeusi, nikavaa vya dhahabu. Harusi ya mtoto wa mchungaji nilicheza mpaka keki ikaisha."

"Na sasa?"

"Sasa navaa kandambili nikiwa na picha." Akanionyesha picha kwenye simu. Kweli, vilikuwa viatu vizuri. "Nikipata nafasi nachonga tena. Wewe chonga, Atupele. Wiki tatu tu! Wanawake kama sisi tunapata wapi wiki sita za kulala?"

Nilirudi nikipiga hesabu njia nzima. Wiki tatu, halafu Januari niko shambani. Mkuu ananyamaza. Mbio zangu ziko palepale. Nundu ikirudi, inirudie baada ya misimu miwili, na mkulima akipewa misimu miwili hakatai. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaizungushia duara ile ya kwanza. Najua. Mimi ndiye ninayewaambia watu wasing'oe magugu kwa kukata majani.

Jioni ile nilikuwa kwenye jiko la nje nasonga ugali. Mama mkwe wangu, Marita, alikuwa kwenye kigoda anamenya ndizi za kesho. Yeye naongea naye bila shida. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, na hajawahi kufikisha ujumbe bila kuuongezea chumvi.

"Nimeona karatasi lako," alisema. "Umechagua kuchonga."

"Ndiyo, mama."

"Nimemwambia mzee."

"Mama! Mguu wangu unamhusu nini?"

Hapohapo nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta wa jiko. Kile kikohozi ni honi. Mzee hukohoa mara mbili kabla ya kila kona, na mimi nikikisikia tu mwili wangu unageuka wenyewe. Nikatazama sufuria, ingawa kati yetu palikuwa na ukuta mzima wa matofali.

"Mama Gwamaka!" Sauti yake ni ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Paa lilitetemeka.

"Bee!"

"Mwambie huyo mama asichonge."

Marita akanigeukia, hatua mbili kutoka nilipo. "Anasema usichonge."

"Mama, mwulize kwa nini."

Marita akapaza sauti kwenye ukuta. "Anauliza, wewe mzee udaktari umeanza lini?"

"Sijauliza hivyo!"

"Ndivyo ulivyotaka kuuliza."

Nyuma ya ukuta nilisikia fimbo ikiegemezwa. "Mwambie mguu wake wa kushoto haukanyagi kidole gumba. Mwaka wa saba huu."

Mwiko ulinisimama mkononi. Marita naye alikuwa ameacha kumenya. Miaka yote ile yule mzee hajawahi kuniona hata kisigino.

"Mzee," alisema Marita polepole, na safari hii hakuwa anatania, "mguu wa mkweo umeuona wapi?"

"Sijauona! Nimeuona njiani."

"Njiani wapi?"

"Kwenye tope, mwanamke! Nitampishaje nisipojua amepita wapi? Asubuhi nikiamka naangalia njia ya bombani. Nyayo zikienda bila kurudi, najua yuko huko, nakaa ndani. Zikirudi, natoka. Wewe ulidhani nabahatisha?"

Marita aligeuka kunifikishia, akaona nimesikia, akarudi kwenye ndizi zake.

Sijui kama mgeni anaweza kuelewa. Nilikuwa nadhani kupishana ni kazi yangu. Mimi ndiye niliyeruka mitaro na ndoo kichwani, mimi ndiye niliyejificha kwenye mikakao nikiwa na mimba ya miezi minane. Kumbe naye kila asubuhi alikuwa anainama na fimbo yake anasoma. Tope la Kyela halifichi siri. Akipita kuku, anajulikana ni wa nani. Na yule mzee amechunga ng'ombe tangu utoto. Ng'ombe wake akipotea hatafuti ng'ombe, anatafuta kwato. Nilikuwa nimesomwa miaka kumi na tisa kama ndama.

Aliendelea, na sasa hakumsubiri Marita.

"Alipokuja hapa, unyayo wake ulikuwa na vidole vitano, kila kimoja na shimo lake. Alipomzaa wa pili, kidole gumba kikaanza kumwegemea jirani. Mwaka ule maji yalipofika mlangoni kwa mchungaji, kikaacha kuchimba. Siku hizi kinaweka alama tu, kama kivuli. Shimo lote liko chini ya kidole cha pili, na linaongezeka. Ng'ombe akikanyaga hivyo, tatizo haliko kwenye kwato, liko juu, kwenye kiungo kilicholegea. Ukichonga kwato unamchosha ng'ombe bure."

Niliacha ugali ukaungua. Mvua ilikuwa imetoka kupita na bado kulikuwa na mwanga. Nilimsubiri akohoe akienda zake, nikatoka peku, nikatembea njia ya bombani mpaka mwisho, nikarudi kando kando nikiangalia chini. Nilikuwa sijawahi kuzitazama nyayo zangu. Nani ana muda? Wa kulia ulikuwa unyayo wa mtu. Wa kushoto ulikuwa na shimo refu chini ya kidole cha pili, maji yameshajaa humo, na pale pa kidole gumba palikuwa na kidimbwi ambacho hata sisimizi angekivuka kwa miguu. Nikapiga picha kwa simu. Kisha nikaenda jikoni nikamkuta Marita anakwangua sufuria yangu.

"Mama, nikifanya ile kubwa nitakaa wiki sita kwenye magongo. Siwezi kuruka mtaro. Siwezi kuingia kwenye migomba. Mwambie sitaweza kumpisha."

Marita alitoka mlangoni akapaza sauti kuelekea nyumba ya pili, akayasema yote bila chumvi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Tukasubiri. Kikohozi kimoja. Cha pili.

"Mwambie nitapisha mimi!"

Marita alicheka mpaka akakaa chini kwenye maganda. Mzee ana miaka sabini na minane, na magoti yake yakikunjwa yanalia kama bawaba za lango la kanisa.

Wiki ilipoisha nilikuwa tena mbele ya Daktari Jubilate. Nilimpa simu aone picha. Aliikuza, akaitazama, akaitazama tena. Akachukua chupa ya maji, akanimwagia nyayo, akaniambia nitembee kwenye sakafu mpaka mlangoni. Kisha akanipandisha kitandani akanishika mguu huku akiniuliza mambo ya ng'ombe, wanakula nini, wanalala wapi, na mimi nikawa namweleza, maana mambo ya malisho nayajua. Katikati ya maelezo akasema, "Hapo hapo. Hujakaza." Kiungo kikaenda juu na chini kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nilikihisi mwenyewe.

"Kimelegea," alisema. "Ya tatu. Nani aliyekwambia uangalie nyayo?"

"Baba mkwe."

"Alikupima mguu?"

"Daktari! Si nilikwambia hatuonani?"

Kwa mkuu wangu nilikwenda siku hiyohiyo, kabla ujasiri haujapoa. Nilimwambia Januari hatanipata. Wiki sita nitakuwa nyumbani, baada ya hapo nitaikalia meza yake mwezi mmoja na nusu, halafu narudi shambani na mguu ambao hautarudi hospitalini. Asipotaka, naenda kuchonga, Januari atanipata, na baada ya miaka miwili atanipata mezani moja kwa moja, na kila asubuhi atanisikiliza nikimweleza ni kosa la nani. Alifikiri hilo la mwisho kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Akasaini.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusema. Walinidunga ganzi mgongoni, nikasikia mashine kama ya fundi seremala, na mtu akaomba skrubu nyingine. Nilirudi Kyela na plasta mpaka chini ya goti, magongo mawili, na kadi ya daktari iliyoandikwa kwa herufi kubwa: USIKANYAGE.

Zikaanza wiki sita.

Nitasema ukweli, mzee alijitahidi. Lakini kupisha ni ujuzi, na yeye hakuwahi kuufanyia mazoezi ya mwili. Zile nyayo alizozoea kusoma hazikuwepo tena. Siku ya tatu tu alimtuma Marita na malalamiko: "Anasema haya mashimo mawili ya magongo na mguu mmoja hayasomeki. Hajui kama unakwenda au unarudi."

"Mwambie na mimi sijui."

Ikabidi aanze kuangalia kwa macho, na hapo ndipo mambo yalipochafuka. Nikitokeza mlangoni, naye akitokeza kwake, nilichoona ni mgongo na koti vinazama kwenye migomba. Tatizo ni kwamba huwa anatembea na redio mfukoni, na hakumbuki kuizima. Basi nikawa nachechemea uwanjani, na kutoka kwenye shina la mgomba kwaya inaimba haleluya. Mimi nageuza mgongo kwa heshima. Mgomba nao unakohoa.

Siku moja mikakao yote ilikuwa imepogolewa, hakuna pa kujificha, akachuchumaa nyuma ya jamvi la kukaushia kakao alilolishika wima kwa mikono miwili. Nilipita polepole, maana magongo hayana haraka. Nyuma ya jamvi nikasikia magoti yakilia, na sauti ikimwambia Mungu kitu kwa Kinyakyusa ambacho sitakitafsiri.

Siku nyingine nilikuwa nimekaa barazani, mguu juu ya gunia, nachambua mchele. Nilikaa muda mrefu, jua lilikuwa zuri. Marita akaja anatembea haraka, ameshika kiuno.

"Atupele, geuza kiti."

"Kuna nini?"

"Mzee yuko chooni tangu saa nne. Kila akichungulia anakuona. Sasa hivi ni saa sita na ana njaa."

Nikageuza kiti. Mlango wa choo ulifunguliwa, redio ilipita nyuma yangu kwa kasi ambayo sikujua anayo. Usiku wa kuamkia Jumapili Gwamaka aliniuliza kama tusingeiacha tu desturi, baba yake atavunjika nyonga. Nikamwambia akamshauri mwenyewe. Alikwenda. Alirudi na jibu la mzee: kama mkwe amekimbia miaka kumi na tisa bila kulalamika, yeye wiki sita zitamshinda nini?

Hazikumshinda. Plasta ilitolewa, nikavaa kiatu kigumu, nikaikalia meza ya mkuu nikajaza taarifa za wenzangu na kusahihisha uongo uliomo. Mwisho wa Machi nilimrudia Andrew wa Bondeni na gambuti jipya. Alinyoosha mkono kuchukua kisu kwa mazoea. Nikavua nikamwonyesha mguu. Akaugeuza huku na huku.

"Kiwiko kiko wapi?"

"Kimestaafu."

Siku ya kwanza ya pikipiki niliinua gia ya tatu, kisha ya nne, na mguu ukakaa kimya. Pikipiki nayo ilinguruma chini chini kama inavyotakiwa. Nilifika Talatala nikamkuta Noah, mzee wa misiba mingi, amekaa kwenye tuta anakula muwa, na majaruba yake yamejaa magugu mpaka kiunoni.

"Mama Winnie!" Aliruka. "Mbona leo hukulia?"

Alipalilia siku tatu mfululizo.

Daktari alikuwa amenikataza kutembea peku mpaka mwezi wa nne uishe. Ulipoisha, nilivua viatu asubuhi moja baada ya mvua, nikachukua ndoo nikaenda bombani na kurudi. Nilikanyaga kwa makusudi. Nilipofika ndani nikakaa karibu na dirisha, nikajifanya nachambua maharage.

Kikohozi. Cha pili. Halafu fimbo, ikasimama kule njiani. Magoti yakalia mara mbili, kuinama na kuinuka. Sikuchungulia. Nina adabu zangu. Lakini nilichambua yale maharage mpaka yakawa hayana hata vumbi.

Marita aliingia bila kubisha hodi.

"Mzee anasema kidole gumba kinachimba. Shimo lake lenyewe. Anasema la kidole cha pili limerudi kuwa dogo kama la mtu."

Nilitaka kusema mengi. "Mwambie ndaga," nilisema. Ndaga ni asante ya kwetu, na sikuwahi kumpa. "Mwambie ndaga sana."

Marita alitoka mlangoni akaipaza. Kikohozi kikaipokea. Kisha ile sauti ya ng'ambo ya mto ikasema jambo jingine, na Marita akarudi akiwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Anasema pia, huo wa kulia umeanza kumwegemea jirani."

Nikatazama mguu wangu wa kulia. Niliutazama vizuri, kwa ubavu, halafu kwa juu. Mshenzi yule alikuwa sahihi, namaanisha mguu.

"Mwambie aanze mazoezi ya kupisha," nilisema.

Nyuma ya migomba, kwaya ilizimwa ghafla.